Hamira za Mfukoni

Kazi ya mtunza stoo ni kuona watu wakiomba. Niliifanya miaka kumi na tisa katika jengo la maabara, nyuma ya dirisha lenye nondo, na naweza kukuambia kwamba maprofesa huomba kwa kudai na wanafunzi huomba kwa kubembeleza. Mama Hamira hakufanya hivi wala vile. Alikuja, akataja kitu, akataja idadi, akataja siku atakayorudisha vilivyobaki, kisha akasimama kimya mpaka nimalize kuandika. Siku aliyosema atarudisha, alirudisha. Watu wa namna hiyo huchosha, maana hawakupi hata sababu ya kugombana nao.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu hamira. Ndiyo, hamira hii hii inayoumua unga. Kwa macho ni punje za kahawia zisizo na maana, lakini chini ya hadubini kila punje ni umati wa seli, na kila seli ina umbo la yai. Seli ya hamira ikitaka kuzaa haina makeke. Inaota kichipukizi ubavuni, kichipukizi kinakua, kinakatika, kinakwenda kuanza maisha yake. Profesa wa maabara ile alikuwa ametumia umri wake wote kutafuta jibu la swali moja: nani anaiambia seli kwamba sasa ni wakati? Na njia ya kutafuta ilikuwa kuhesabu. Unachukua seli mia mbili, unahesabu ngapi zina kichipukizi na ngapi hazina. Zisizo nacho zikizidi, ujue kuna kitu kimezizuia mlangoni.

Zenye kichipukizi Mama Hamira aliziita wajawazito, na zisizo nacho aliziita watupu. Ndivyo alivyoandika kwenye daftari lake, safu mbili. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, akafungua daftari lile, akasoma kwa sauti, "Wajawazito mia moja na thelathini, watupu sabini," akavua miwani na kuuliza hao wagonjwa wamelazwa wapi, na hao sabini kwa nini hawajapewa nguo. Profesa alieleza nusu saa nzima. Mama Hamira hakuinua uso kwenye hadubini, maana alikuwa amefika mia moja na kumi na hakutaka kuanza upya.

Hakuwa na shahada. Aliingia pale kama mwosha vyombo, akawa mwangalizi wa mashine, na mwisho akawa jicho la maabara nzima. Profesa akiitilia shaka mashine, alimwita Mama Hamira. Akimtilia shaka mwanafunzi, alimwita Mama Hamira. Hakuna aliyewahi kuitwa kumhakiki Mama Hamira. Miaka ishirini na saba alihesabu, na hesabu zile ndizo zilizokuwa heshima yake yote ndani ya jengo lile. Alijua hivyo, na alijivuna kidogo, ingawa alificha.

Mumewe alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kimoja barabarani, mtu wa maneno mengi, sindano mdomoni na bado anaongea. Huyo ndiye aliyeshona ule mfuko, na bila mfuko ule nisingekuwa na cha kukusimulia.

Ilikuwa hivi. Hadubini nzuri haikuwa katika jengo letu. Ilikuwa jengo la pili, ghorofa ya tatu, na idara tatu ziliigombania. Mama Hamira alitoa vichupa vyake kwenye kabati la joto, akavuka ua, akapanda ngazi, kisha akakaa kwenye benchi la korido kungoja zamu yake, saa nzima, mara nyingine mbili. Siku moja mtu wa idara ya mimea alimgonga kwa bega pale kwenye ngazi, na kazi ya wiki mbili ikamwagika. Barafu ya kulaza sampuli haikuwapo. Mashine ya barafu ilishakufa, na barua sita nilizoandika kuomba nyingine mpaka leo zinasubiri majibu. Kuziua seli kwa dawa kabla ya kuondoka Profesa hakutaka. Yeye alitaka zihesabiwe zikiwa hai.

Fundi akasema hilo ni jambo dogo. Akachukua koti jeupe la mkewe, akamshonea mfuko kwa ndani, upande wa kushoto chini ya kwapa, wenye vyumba sita vyembamba, kila chumba kichupa kimoja, na ndani akaweka kitambaa cha blanketi ili kioo kisigongane. Niliuona, nikausifu. Mishono ilikuwa imenyooka kuliko mistari ya vitabu vyangu vya stoo. Tangu siku hiyo hakikuvunjika kichupa hata kimoja.

Kinasi alifika mwaka wa ishirini na tano wa Mama Hamira. Hilo si jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimuuliza ameamkaje, kinasi. Ukimuuliza kama amekula, anakuambia kinasi yake imegoma. Alikuwa binti mwembamba, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwenye kutembea haraka hata siku asizokuwa na pa kwenda. Alipewa miaka mitatu aimalize shahada, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkimbiza.

Mimi shule niliishia njiani, kwa hiyo nilimuuliza Mama Hamira dirishani hiyo kinasi ni mdudu gani.

"Si mdudu, ni protini," alisema. "Kazi yake kubandika. Inachukua kitu kidogo kinaitwa fosfati, inakibandika kwenye protini nyingine. Ikishabandikwa, hiyo nyingine inabadilika tabia. Kama ilikuwa imelala inaamka, kama ilikuwa kazini inasimama."

"Hiyo ndiyo inaiambia seli izae?"

"Ipo moja kubwa. Wewe ichukulie ni karani mwenye muhuri. Yupo ofisini kila siku. Lakini hagongi muhuri mpaka bosi wake afike, na bosi huyo anaitwa saiklini. Saiklini inakuja, inajaa, kazi inafanyika, kisha inavunjwavunjwa inapotea. Ikipotea, karani anabaki na muhuri wake anaangalia dari."

"Basi kama ofisi yetu."

"Ofisi yenu karani hata dari haangalii, anasinzia," alisema, akachukua vichupa vyake akaondoka.

Kinasi hakuhangaika na karani mkubwa. Yeye alishughulika na kinasi nyingine ndogo, msaidizi wa chumba cha nje, ambayo vitabu vilisema huhitajika tu seli ikiwa kwenye taabu. Alikuwa ameiharibu makusudi. Alibadilisha herufi moja tu katika maelekezo ya kuiunda, ikawa dhaifu: kwenye joto la nyuzi ishirini na tano inafanya kazi, kwenye nyuzi thelathini na saba inalegea, na seli zinakwama mlangoni bila kuota kichipukizi. Hamira hizo Mama Hamira aliziita wagonjwa. Zile za kawaida, zisizoguswa, aliziita wazima.

Jambo lilianza pale alipohesabu wagonjwa kwenye nyuzi ishirini na tano, ambako walitakiwa kuwa salama. Wazima walitoa watupu sabini katika mia mbili, siku zote sabini na kitu. Wagonjwa walitoa mia moja na ishirini. Akarudia wiki iliyofuata: mia moja na kumi na saba. Akarudia mwezi uliofuata: mia moja na ishirini na mbili. Maana yake ilikuwa kubwa. Kama seli zinakwama hata pasipo taabu, basi ile kinasi ndogo haikai kungoja siku mbaya. Inafanya kazi kila siku, na vitabu vimekosea. Kinasi alipiga kelele korido nzima ikasikia. Profesa alitabasamu, jambo ambalo mimi nililiona mara nne katika miaka kumi na tisa, na akasema, "Kama ni hesabu za Mama Hamira, mimi sina swali."

Kinasi akaandika tasnifu yake yote juu ya jambo hilo. Akaandika miezi minne.

Halafu mtu akamwagia Mama Hamira chai kwenye koti.

Alilifua, na siku ya pili, koti likiwa bado kambani, alikuja kwangu kuazima jingine, pamoja na kishikio cha mbao cha kubebea vichupa. Nikampa. Aliondoka amekikumbatia kishikio kwa mbali, mikono imenyooshwa mbele, watu wakampisha. Mchana alirudisha vyote viwili. Nikamuuliza kama anaumwa, maana uso ulikuwa umemshuka.

"Siumwi," alisema. "Nimepata sabini na mbili."

"Wazima?"

"Wagonjwa."

Sikuelewa. Yeye pia hakutaka kuelewa, aliniambia baadaye. Alilaumu macho yake. Siku iliyofuata alivaa koti lake, akaweka vichupa mfukoni kama kawaida, akahesabu: watupu mia moja na kumi na nane. Siku ya tatu akaja tena kuazima kishikio: sabini. Siku ya nne akaomba kipimajoto. Nilimwandikia kipimajoto kimoja, nikaona kwa macho yangu akikitumbukiza ndani ya koti, chini ya kwapa, akaketi kwenye kiti changu bila kuongea kwa muda wa kumaliza magazeti mawili. Alipokitoa kilisoma nyuzi thelathini na tano.

Hapo hata mimi nilielewa. Mwili wa mtu ni wa moto. Muda wote ule alipokuwa amekaa benchini akingoja hadubini, wagonjwa wa Kinasi hawakuwa kwenye nyuzi ishirini na tano. Walikuwa wamelala kwenye blanketi ubavuni mwa mwanamke mwenye afya yake, saa nzima, saa mbili, wakipikwa polepole mpaka ile kinasi dhaifu ikalegea. Na wazima, ambao walikuwa humo humo mfukoni, hawakutoa onyo lolote, kwa sababu wazima hawajali joto hilo. Wanaendelea kuzaa tu. Kila kitu kilionekana sawa. Kosa la namna hiyo huwezi kulifanya kama ni mzembe. Mzembe angeviacha vichupa juu ya benchi.

"Basi hakuna aliyeona," nilimwambia. Ndivyo nilivyo.

"Mimi nimeona," alisema.

Ilimchukua siku tisa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, na alikuwa na jina ambalo halikuwa na doa. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua, labda mpaka mtu wa nchi nyingine arudie jaribio lile miaka ijayo na kushangaa. Akisema, Kinasi amepoteza tasnifu aliyokwisha kuiandika, na yeye amepoteza kitu pekee alichokuwa nacho pale. Aliona aibu, na aibu ilimfanya asilale wala asile vizuri. Siku ya saba alimwambia mumewe.

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Yaani unataka kusema kosa ni langu?"

"Nani amesema ni lako?"

"Mfuko nimeshona mimi. Blanketi nimeweka mimi. Kesho utaniambia na hamira nimeziharibu mimi."

"Baba watoto, ningekuwa natafuta wa kumtupia ningeanza na huyo aliyemwaga chai."

Fundi akashika koti, akaupapasa ule mfuko. Akasema anaweza kuufumua kwa dakika kumi, asibaki hata uzi, na mambo yakaishia hapo. Mkewe akamnyang'anya koti. Baadaye Fundi aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kunyang'anywa kitu kwa nguvu namna ile.

Siku ya tisa akamwambia Kinasi. Walikuwa wawili tu, kwenye chumba cha kabati la joto, na haya ninayosimulia nimeyapata kwa wote wawili. Mama Hamira alimpa daftari, akamwonyesha tarehe, zile za koti na zile za kishikio. Kinasi alisoma amesimama. Halafu akaketi sakafuni, mgongo umeegemea kabati.

"Mama, ungeninyamazia tu."

"Ningeweza, mwanangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu na mtunza stoo."

"Basi watoshe hao," alisema Kinasi. "Mimi nitaenda kwa Profesa. Nitamweleza sampuli zilipata joto njiani, nitarudia yote upya. Wewe usiongee naye. Niachie."

Mama Hamira aliitikia. Alidhani binti anataka kueleza kisayansi, kwa maneno ya wasomi, na kwamba kila kitu kitasemwa pamoja na nani alibeba nini. Alingoja aitwe ofisini. Hakuitwa. Profesa alipokutana naye kwenye ngazi alimsalimia kwa heshima ile ile, naye akaichukulia kuwa ni ustaarabu wa mtu mkubwa asiyetaka kumwaibisha mzee mwenzake. Moyo wake ukatulia kidogo.

Kinasi alirudia majaribio mwaka mzima zaidi. Vichupa sasa vilibebwa kwenye kishikio, ndani ya maji ya nyuzi ishirini na tano. Lile jambo kubwa lilipotea kabisa. Wagonjwa walizaa sawasawa na wazima, na vitabu vilikuwa sahihi. Mwisho aliokota jambo dogo mahali pengine, akaliandika, akapata shahada. Ndogo lakini halali. Katika mwaka huo Profesa aliacha kumwita kwenye mikutano, na alipopita mlangoni kwake alikuwa akisema, "Mifuko mitupu leo?" Watu walicheka bila kujua wanacheka nini, na Mama Hamira, muda mwingi akiwa jengo la pili, hakuyasikia. Mimi nilijua, na sikusema. Nilijiambia hayanihusu.

Siku Mama Hamira alipostaafu walimfanyia hafla saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa mihadhara. Kulikuwa na keki, soda na viti vya plastiki. Mama Hamira alikuwa amenirudishia koti asubuhi ile, limekunjwa, na mimi nikalitia sahihi. Alivaa gauni jipya aliloshonewa na mumewe, na Fundi mwenyewe alikaa safu ya mbele akiangalia mishono ya suti za watu.

Profesa alisimama. Alisema mengi ya kawaida. Kisha akasema, "Miaka ishirini na saba, mama huyu hajawahi kukosea. Hata mara moja. Na nyinyi vijana mjifunze, maana wengine wenu mna shahada lakini mnatembea na sampuli mfukoni mkidhani ni pipi!" Ukumbi ukacheka. Vichwa vikamgeukia Kinasi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, naye akacheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea.

Nilimtazama Mama Hamira. Mkono wake ulikuwa na kipande cha keki, na ulibaki hewani. Ndipo alipojua kwamba binti alikuwa amelibeba lile kosa peke yake, mwaka na zaidi, huku yeye akilala usingizi. Alimtafuta kwa macho. Kinasi akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Walimpa nafasi ashukuru. Alisimama, akaweka keki chini.

"Mfuko ulikuwa wangu," alisema. "Sampuli nilibeba mimi, siyo huyu binti. Kosa ni langu."

Halafu Profesa akaanza kupiga makofi. "Mnaona?" alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. "Mnaona utu? Hata kosa la mtoto anajitwika yeye!" Ukumbi wote ukasimama, ukapiga makofi. Mama Hamira alisema tena, na tena, mdomo ukifunguka na kufungika, lakini nilikuwa safu ya tatu na sikumsikia. Jina lake lilikuwa zuri mno. Hakuna aliyeweza kumwamini.

Alipotoka nilimfuata. Nilikuwa na jambo linalonikereketa, nikaona nisipolitoa leo sitalitoa. Nikamwambia kwamba Kinasi ameomba kazi kwenye maabara moja ya mbali, na barua ya Profesa ya kumwelezea iko mezani kwa karani, itaondoka jioni. Karani alinisomea. Ilisema ni mwenye bidii, lakini hafai kuaminiwa na sampuli.

Mama Hamira aligeuka, akatangulia mpaka dirishani kwangu.

"Nipe koti langu," alisema. "Na kishikio. Na vichupa vinne. Nitarudisha saa tisa."

Nikampa. Sikuandika.

Alimpata Kinasi chumba cha kabati la joto akilia, au ametoka kulia, na hakumbembeleza. Akamwagiza atie hamira kwenye vichupa, viwili vya wazima na viwili vya wagonjwa. Kichupa kimoja cha kila aina kikaenda kwenye kishikio, ndani ya maji. Kimoja cha kila aina kikaingia mfukoni. Kisha akavaa koti juu ya gauni jipya, akavuka ua, akapanda ghorofa ya tatu na kukaa kwenye benchi lake la siku zote. Fundi akaja akakaa upande mmoja, Kinasi upande mwingine, na kishikio miguuni. Mimi nilikaa pia, kwa sababu koti lilikuwa la stoo. Tulikaa saa mbili. Waalikwa walipita na vipande vya keki kwenye karatasi, wakampongeza, naye akajibu asanteni bila kusogeza mkono wa kushoto.

Saa nane na nusu alimtuma Kinasi amwite Profesa. Alikuja akiwa na funguo za gari mkononi.

"Mama, haya mambo yamepita," alisema alipoelezwa. "Sahau. Leo ni siku yako."

"Kwako yamepita," alisema Mama Hamira. "Kaa hapo uhesabu."

Nadhani ni mara ya kwanza mtu kumwamuru kitu kwenye jengo lile. Alikaa. Mama Hamira alimtengenezea vioo vinne, akaviweka kwa utaratibu, akasogea pembeni kabisa, mikono nyuma, asije akaonekana ameingilia. Profesa alihesabu polepole, maana alikuwa hajahesabu mwenyewe kwa miaka mingi, na mara mbili alipotea akaanza upya. Wazima wa kishikio, watupu sabini na moja. Wazima wa mfukoni, sitini na tisa. Wagonjwa wa kishikio, sabini na tatu. Alipofika kioo cha nne alihesabu mpaka mwisho, akafuta miwani, akahesabu tena.

"Mia moja na kumi na tisa," alisema.

Kinasi alikuwa akiangalia ukuta. Profesa alimtazama, na aliona haya. Niseme ukweli, aliona haya, masikio yalimbadilika rangi. Alimwomba radhi kwa maneno machache yaliyokatikakatika. Halafu akavuta karatasi palepale mezani, kando ya hadubini, akaanza kuandika barua nyingine kwa mkono wake. Alisoma kwa sauti huku akiandika, ili wote tusikie. Kwamba anafuta aliyoyasema awali. Kwamba mwanafunzi huyu ni mwaminifu kupita kiasi. Kwamba kosa la kubeba sampuli mwilini halikuwa lake, bali lilifanywa na mhesabu wa maabara kwa nia njema, naye mwenyewe ndiye aliyeligundua, mhesabu huyo akiwa ni...

Kalamu ikasimama.

Aliitazama karatasi. Akamtazama Kinasi, na Kinasi akainamisha kichwa, kwa sababu hata yeye hakujua. Akanitazama mimi. Nilifikiria vitabu vyangu vyote, kila fomu, kila sahihi kwa miaka kumi na tisa, na kila mahali nilikuwa nimemwandika Mama Hamira. Fundi alifungua mdomo, mkewe akamshika goti akaufunga.

"Samahani, mama," Profesa alisema kwa sauti ya chini. "Jina lako kamili nani?"

Akamtajia, majina yote matatu, herufi kwa herufi, akasogea kuangalia anavyoandika. La pili alikosea, akamfanya alikate na kuandika upya.